Uzuri wa Mkakasi: Picha za Majengo na Ukweli wa Garissa

Wahenga walinena kuwa uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hii hunijia akilini kila nitazamapo zile picha za majengo yasiyokuwepo ambazo siku hizi hutangulia kila mradi mkubwa humu nchini. Hubandikwa juu ya mabango kando ya barabara, huchapishwa magazetini, hupitishwa mikononi mwa wazee katika mabaraza, na sasa husambazwa kwa simu za mkononi hata kabla jiwe la msingi halijawekwa. Ndani yake kila kitu kinameremeta. Vioo vimetakata, nyasi zimenyooka, mbingu ina mawingu mawili matatu ya kupendeza, na watu wanatembea bila haraka wala jasho. Kwa mkazi wa Nairobi picha hizo huenda zikawa jambo la biashara tu. Kwa Garissa na eneo zima la Kaskazini Mashariki ni jambo la haki, kwa kuwa aghalabu picha ndiyo hoja ya pekee ambayo mwananchi huonyeshwa kabla ya kuulizwa kama anaukubali mradi au anaukataa. Ndiyo maana nimeona nililete suala hili mbele ya walimu na wanafunzi, ambao kazi yao ya kila siku ni kusoma. Picha nayo husomwa.

Kwanza tuelewe picha hizi hutengenezwaje. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Msanifu majengo akishamaliza ramani zake, huziingiza katika kompyuta na kuunda umbo la jengo lenye urefu, upana na kimo. Kila kitu hupewa sifa yake: saruji ifubae, kioo kiakisi, bati ling'ae. Kisha kompyuta huamrishwa kupiga hesabu ya mwanga. Miale hutoka kwenye jua la kubuni, hugonga ukuta, hudunda, huingia chumbani na kutua sakafuni. Hesabu hiyo huweza kuchukua dakika chache au usiku kucha. Matokeo yake ni picha iliyo sahihi kwa vipimo lakini iliyopooza, mfano wa nyumba isiyokaliwa na mtu. Katika makala haya nitaiita picha ya hesabu.

Hapo ndipo huanza hatua ya pili, ambayo ndiyo kiini cha mjadala wetu. Mafundi wa ujenzi wanapokuwa wameinua kuta na kuezeka paa, huwa bado wana kazi ya umaliziaji: kupiga lipu, kupaka rangi, kuweka vigae. Picha nayo ina umaliziaji wake. Kompyuta haitoi picha moja tu, hutoa matabaka. Tabaka moja hubeba vivuli, la pili hubeba miakisi ya vioo, la tatu hupaka kila sehemu rangi yake ili fundi aweze kuuchagua ukuta bila kuligusa dirisha, na la nne huonyesha umbali wa kila kitu kutoka kwa mtazamaji kwa weusi na weupe. Kwa programu kama Photoshop, iliyoanza kuuzwa mwaka 1990, fundi huyapandanisha matabaka hayo na kuyapima kama mpishi apimavyo chumvi. Hutia giza pembeni ili jicho livutwe katikati. Huongeza umanjano palipo na jua na ubuluu palipo na kivuli. Hulitumia tabaka la umbali kuweka ukungu mwepesi nyuma, jengo lionekane limesimama katika dunia yenye kina. Huzizungushia taa nuru kidogo. Huiondoa mbingu iliyotolewa na kompyuta na kuweka mbingu iliyopigwa picha mahali pengine. Mwisho kabisa hupanda miti na kuwaleta watu, ambao nao wamekatwa kutoka katika picha nyingine. Siku hizi sehemu kubwa ya kazi hiyo imeanza kuachiwa akili unde: fundi huandika sentensi moja, na katika nukta chache jengo limezungukwa na bustani.

Nisieleweke vibaya. Hakuna dhambi katika ufundi huo, wala si mambo mapya. Huko Uingereza, mwishoni mwa karne ya 18, mbunifu wa bustani Humphry Repton alikuwa akiwachorea matajiri vitabu vilivyojaladiwa kwa ngozi nyekundu. Katika ukurasa mmoja alichora shamba la mteja lilivyo, na juu yake akabandika kipande cha karatasi kinachofunuka. Mteja alipokifunua, aliona shamba hilo hilo baada ya kazi ya Repton: ziwa limetokea, kichaka kimeondoka, ng'ombe wanalisha kwa utulivu. Ilikuwa mbinu ya kuuza, hilo halifichiki. Lakini ilikuwa na adabu moja ambayo mabango yetu hayana. Mteja aliweza kukirudisha kile kipande cha karatasi na kuona palipo leo. Hali ya sasa na hali ya kesho zilikaa katika ukurasa mmoja, naye akaamua mwenyewe kama tofauti yake inastahili fedha zake.

Kwa maoni yangu, umaliziaji wa picha umegawanyika mafungu mawili, na kosa letu ni kuyachanganya. Lipo fungu linalolisaidia jicho kukiona kilichomo katika ramani: kurekebisha mwanga ili ndani ya chumba kuonekane, kutofautisha ukuta wa mbele na wa nyuma, kuweka mtu mmoja mlangoni ili tujue mlango una kimo gani. Hilo ni sawa na mwalimu kuandika kwa chaki nzito ili mwanafunzi wa nyuma asome. Na lipo fungu linaloongeza kisichokuwemo katika ramani wala katika bajeti: msitu, ziwa, umati wa wateja, hali ya hewa ya nchi nyingine. Hilo la pili halimwonyeshi mwananchi jengo. Linamwonyesha maisha ambayo hakuna mtu aliyetia sahihi kumpatia.

Hebu sasa tulipeleke jambo hili Garissa, tuanze na jua. Mji wa Garissa uko kusini mwa Ikweta kwa chini ya nusu digrii. Mwezi Machi na mwezi Septemba jua la adhuhuri husimama utosini, na kivuli cha mtu hujikusanya miguuni pake. Mwezi Juni jua huelemea kaskazini, Desemba likaelemea kusini, lakini hata katika siku hizo za mwisho wa safari yake, jua la adhuhuri hubaki juu kwa kiasi cha nyuzi 66. Maana yake kwa mjenzi ni hii: ukuta wa kaskazini na ule wa kusini hukingwa kwa urahisi na upenu wa wastani, ilhali kuta za mashariki na magharibi hupigwa na jua la chini kila siku ya mwaka. Anayeweka ukuta wa kioo upande wa magharibi mwa jengo la Garissa anajenga tanuri, kisha anunue mitambo ya kupoza hewa na alipe umeme wa kuiendesha.

Sasa itazame picha ya bango. Takriban kila mara jengo limepigwa na jua la jioni, jua la dhahabu lililolala, likimulika vioo vya mbele hadi vikawaka. Ni saa ambayo wapiga picha wote huipenda, kwa sababu hurefusha vivuli na kulainisha rangi. Lakini ni mwanga ule ule utakaomchoma karani aketiye nyuma ya kioo hicho saa kumi alasiri. Fundi amekigeuza kilema kikuu cha jengo kuwa urembo wake. Isitoshe, mara nyingine jua lenyewe si la Garissa. Programu ya SketchUp, ambayo imefunzwa kwa wanafunzi wengi wa usanifu duniani, kwa muda mrefu ilikuwa ikianza kazi na jua la mji wa Boulder, jimbo la Colorado, Marekani, ambako ndiko ilikobuniwa. Boulder uko nyuzi 40 kaskazini mwa Ikweta, na huko jua la adhuhuri huwa upande wa kusini daima. Mchoraji asiyekumbuka kubadilisha mahali huiletea Garissa vivuli vya Wamarekani, na upenu anaouchora huwa wa kulikinga jua ambalo halituhusu.

Baada ya jua, maji. Nyasi za picha hazigharimu kitu. Nyasi za ardhini hunywa. Kaunti ya Garissa hupata mvua ya milimita 300 hivi kwa mwaka, na katika ukame ulioanza mwishoni mwa 2020 misimu mitano mfululizo ya mvua ilikauka. Mahali penye joto kama hilo, mita moja ya mraba ya nyasi huhitaji kiasi cha lita 5 za maji kwa siku ili ibakie kijani. Hebu mwanafunzi wa hisabati apige hesabu. Uwanja wa mita 1,000 za mraba, ambao katika picha huwa ni pambo dogo tu la mbele ya jengo, hutaka lita 5,000 kila siku. Hiyo ni mitungi 250 ya lita ishirini ishirini. Mtungi huo mmoja ndio ambao katika mitaa mingi ya Garissa huletwa kwa mkokoteni wa punda na kulipiwa. Aliyepaka rangi ya kijani katika picha amepaka mitungi 250 kwa siku bila kumtaja mlipaji.

Na ile miti? Miti ya picha mara nyingi hutoka katika maktaba za picha za Ulaya na Marekani, miti yenye majani mapana na shina jembamba lililonyooka. Garissa ina miti yake. Ina migunga, ina mikoma kando ya mto, ina miarobaini iliyopandwa mjini kwa ajili ya kivuli, na ina mathenge, ule mti wa kigeni ulioenezwa katika nchi kavu za Kenya miaka ya 1980 ili kuzuia jangwa, ukaishia kuteka malisho na njia. Picha inayouonyesha mwarobaini inamwambia mtazamaji jambo la kweli: hapa patakuwa na kivuli cha namna hii baada ya miaka kadhaa, kwa maji ya kiasi hiki. Picha inayoonyesha mti wa Ulaya haimwambii lolote.

Watu wa picha nao wana habari zao. Wamevaa makoti, wameshika vikombe vya kahawa, mmoja anamtembeza mbwa kwa kamba. Katika mji ambao wakazi wake wengi ni Waislamu na wafugaji, mji wenye mojawapo ya masoko makubwa kabisa ya mifugo katika Afrika Mashariki, sijui mbwa huyo anatembezwa kuelekea wapi. Lakini jambo zito si kichekesho hicho. Jambo zito ni wale wasiokuwamo. Hayumo mama auzaye maziwa, hayumo kijana wa mkokoteni, hayumo mzee mwenye fimbo aliyetoka mbali na ambaye atangoja siku nzima kuhudumiwa. Asiyekuwamo katika picha hatengewi nafasi katika ramani. Hakuna benchi la kivulini la kungojea, hakuna pa kufunga punda, hakuna bomba la kutawadhia. Jengo likishakamilika, watu hao hufika wote kwa pamoja, kisha huambiwa kwamba wanauchafua mlango.

Lipo pia lisilopendeza kulitaja. Alfajiri ya tarehe 2 Aprili 2015 magaidi walikishambulia chuo kikuu kishiriki cha Garissa wakawaua watu 148, wengi wao wanafunzi. Chuo hicho kilifunguliwa tena Januari 2016, na mwaka 2017 kikapewa hadhi ya chuo kikuu kamili. Tangu siku ile, ukuta wa mpaka, lango na mahali pa kukimbilia ni sehemu ya usanifu wa kila jengo la umma mkoani humo. Lakini katika picha ukuta hufutwa, kwa kuwa huharibu mandhari. Sidai kwamba majengo yetu yafanane na ngome. Nasema kwamba mzazi anayeonyeshwa bweni ana haki ya kuuliza milango mingapi inafunguka kuelekea nje, na picha isiyo na ukuta wala lango humsahaulisha swali hilo.

Kisha upo mto. Katika picha, Tana ni utepe wa buluu unaong'aa nyuma ya majengo. Wenyeji wanaujua mto mwingine, wenye rangi ya udongo, ambao mabwawa ya juu kama Masinga na Kiambere yakifurika huvuka kingo zake na kuingia vyumbani. Ulifanya hivyo wakati wa El Nino ya 1997 na 1998. Ulifanya hivyo mwishoni mwa 2023, na tena Aprili 2024, ambapo barabara kati ya Garissa na Madogo ilizama, watu wakawa wanavushwa kwa mashua, na mashua moja ikapinduka na kuua abiria. Msanifu anayejenga karibu na Tana na kutuonyesha mto wa kiangazi pekee ametuonyesha nusu ya kiwanja.

Kuna wakati picha inakosea si kwa mahali bali kwa wakati. Tarehe 2 Machi 2012, Rais Mwai Kibaki, Rais Salva Kiir wa Sudan Kusini na Waziri Mkuu Meles Zenawi wa Ethiopia walikutana Lamu kuuzindua mradi wa LAPSSET. Ramani na picha zake zilionyesha bandari, barabara, bomba la mafuta, reli ipitayo Garissa, na miji ya mapumziko huko Isiolo, Lamu na Turkana. Gati la kwanza la bandari ya Lamu lilianza kazi Mei 2021, na hilo ni jambo la kushukuriwa. Reli haijajengwa hadi leo, wala ile miji ya mapumziko haijainuka. Lakini tangu siku picha zilipotolewa, ardhi kandokando ya njia hiyo ilianza kuwaniwa. Picha ilifanya kazi yake sokoni kabla ya mradi kufanya kazi yake ardhini. Mfugaji aliyeiona akadhani ni mambo ya mbali aliuza mapema. Aliyejua kuisoma alinunua.

Kambi za Dadaab zilikwenda kinyume cha hayo. Zilipopangwa kuanzia 1991 ili kuwapokea wakimbizi wa Somalia, zilichorwa kuwa makazi ya muda ya watu 90,000. Mwaka 2011 zilikuwa na watu zaidi ya 400,000, na watoto waliozaliwa Ifo, Dagahaley na Hagadera wamekwisha kuwa wazazi. Mchoro ulisema muda, maisha yakasema makazi. Sasa, kwa Mpango wa Shirika uliozinduliwa Machi 2025, serikali imekusudia kuzigeuza Dadaab na Kakuma kuwa makazi ambamo wakimbizi na wenyeji watapata huduma pamoja. Yakini picha zitachorwa: za masoko, za shule, za vituo vya mabasi. Zitaonyeshwa kwa watu wa jamii mbili wenye hofu tofauti kuhusu ardhi ile ile na visima vile vile. Ikiwa kuna mahali ambapo pambo la picha laweza kuzaa uhasama, basi ni hapo.

Najua msomaji mmoja atanipinga hivi: eneo hili limenyimwa mengi, kwa nini sasa linyimwe hata ndoto? Hoja hiyo ina uzito, nami siidharau. Waraka wa serikali nambari 10 wa 1965 uliamua kwamba fedha za maendeleo ziende kwanza kwenye ardhi yenye rutuba na mvua, na kaskazini ikaachwa nyuma. Sheria za hali ya hatari ziliendelea kutumika huko hadi 1991. Watu waliokaa muda wote huo bila lami wana haki ya kutazama picha nzuri na kufurahi.

Lakini tusisahau kwamba Kaskazini Mashariki imekwisha kupambwa kwa namna nyingine pia. Kwa miaka mingi picha zake zilizofika duniani zilikuwa za mizoga ya ng'ombe na watoto waliodhoofika, nazo hupitishwa katika programu zile zile: rangi hukaushwa, vumbi hukolezwa, mbingu hufifishwa. Mmoja hupaka kahawia ili apate msaada, mwingine hupaka kijani ili apate mwekezaji. Kati ya kahawia na kijani, Garissa yenyewe haimo. Na pindi eneo hilo linapofanikiwa, hufanikiwa kwa sifa zake lenyewe. Tarehe 13 Desemba 2019 ulizinduliwa karibu na mji huo mtambo wa umeme wa jua wenye uwezo wa megawati zipatazo 54, wenye paneli zaidi ya 200,000 katika hektari 85. Utazame kutoka angani. Hakuna nyasi, hakuna ziwa, hakuna jua la jioni. Ni safu za paneli juu ya ardhi kavu chini ya jua lile lile kali ambalo mafundi wa picha hulilainisha. Jua hilo lilitazamwa jinsi lilivyo, ndipo likatufaa.

Nini basi kifanyike? Sipendekezi picha zipigwe marufuku, wala sitaki ziwe mbaya. Nataka ziwe na masharti. Mjini London, picha za majengo marefu zinazopelekwa kwa wenye mamlaka ya mipango huweza kutakiwa kuthibitishwa: mahali kamera iliposimama hupimwa, lenzi hutajwa, na njia ya kazi huelezwa. Sisi tunaweza kuanza na madogo kuliko hayo. Kwanza, kila picha ya mradi wa umma iandikwe chini yake jua lake ni la tarehe gani na saa ngapi, na ni vitu gani vimo katika mkataba na vipi ni pambo. Pili, picha ya hesabu ioneshwe kando ya picha iliyomaliziwa, kama vile Repton alivyoacha kipande chake kifunuke. Tatu, iwepo picha moja ya siku mbaya: saa saba mchana mwezi Februari, au mto ukiwa umefurika. Nne, bunge la kaunti liziweke picha zote katika maktaba yake, ili baada ya miaka mitano mwananchi aende na kulinganisha.

Sheria iko upande wetu. Kifungu cha 10 cha Katiba ya 2010 kinautaja ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa, na Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Huko Lamu, jirani ya Garissa, mahakama maalumu ya mazingira iliifuta Juni 2019 leseni ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe, mojawapo ya sababu ikiwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Kuwakusanya watu si kuwashirikisha. Na kuwaonyesha picha isiyoelezwa ni kuwakusanya tu.

Kuna kazi pia ambayo haihitaji kungoja serikali, nayo ni yenu walimu na wanafunzi. Picha za mtandaoni zina miti na watu wa kwingine kwa sababu huko kwingine kuna waliojitolea kuzipiga. Shule za Garissa, Wajir na Mandera zaweza kuunda hazina yake: mwarobaini wakati wa adhuhuri, mbingu ya Februari, ukuta wa udongo, mkokoteni, mwanamke mwenye mtandio aliyeombwa ruhusa akakubali. Vitu hivyo vikipatikana, mchoraji wa Nairobi hatakuwa na kisingizio. Aidha waulizeni akina mama wa kifugaji waijengao aqal, ile nyumba ya matawi yaliyopindwa na mikeka, ibebwayo na ngamia. Wao ndio wajenzi katika jamii hiyo, na wanajua upepo huingilia wapi kabla mhandisi hajafungua kompyuta yake.

Darasani, chukueni bango lolote la mradi ulio karibu. Mwalimu wa jiografia aulize kivuli kimelala upande gani na mwezi gani huwa hivyo. Mwalimu wa hisabati ahesabu maji ya nyasi. Mwalimu wa sanaa afundishe matabaka na kuyavua moja baada ya jingine. Mwalimu wa Kiswahili atake insha ya mtu asiyekuwamo katika picha. Baada ya mwaka mmoja wa mazoezi hayo, siku baraza litakapoitishwa na bango kusimamishwa mbele ya wazee, patakuwa na kijana wa kuinua mkono na kuuliza kwa heshima: jua hili ni la saa ngapi, miti hii itanyweshwa na nani, na bibi yangu atakaa wapi akingoja?